Nilidanganya umri wa mdogo wangu, mashine ya kupima mapafu ikaniumbua

Wakuu, heshima kwenu, na nyie mnaopita kimyakimya bila hata kugonga like, nawaona pia.

Ninachoandika kimenitokea mimi, na mwenye makosa ni mimi, kwa hiyo sina faida yoyote ya kuongeza chumvi. Wanaopenda kusema "hii chai" nawaarifu mapema kwamba nipo Lushoto, chai ya huku tunaichuma, hatuitungi.

Kama kuna mfanyakazi wa ofisi ya vizazi na vifo humu ndani, asome, acheke, apite.

Utambulisho mfupi. Mimi ni wa kwanza katika watoto watatu. Baba alitangulia, mama akamfuata baada ya mwaka na kidogo. Nilikuwa kidato cha pili. Nikafunga madaftari, nikajitwisha bomba la kupiga dawa mgongoni, nikaanza kuzunguka kwenye mashamba ya kabichi na karoti ya watu. Sitaki pole. Ni siku nyingi, na wadogo zangu hawajawahi kulala njaa, labda kulala wamekasirika kwa sababu ya upishi wangu.

Wa katikati yuko Tanga mjini, anajitegemea. Uzi huu unamhusu wa mwisho, msichana. Nitamwita Zaina.

Zaina kamaliza darasa la saba, akachaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana, mkoa wa mbali. Shule nzima aliyepata bweni ni yeye peke yake. Jogoo wetu alilipia furaha hiyo siku ileile.

Sasa ile fomu ya kujiunga ina ukurasa wa daktari. Mimi nikajua ni ukurasa wa kugongewa muhuri na kurudi shambani.

Tulipofika zahanati, tabibu akamwekea Zaina kile kipimo kifuani. Akasikiliza. Akasogeza. Akasikiliza tena.

"Huyu kifua kinapiga filimbi," akasema.

"Ni baridi tu hiyo dokta," nikamjibu.

"Baridi ya wapi?"

"Ya huku kwetu."

"Na mimi naishi wapi, Dar?"

Wakuu, naomba mnielewe. Kwa mtu wa milimani, kukohoa asubuhi ni sehemu ya kuamka. Ukungu unaingia mpaka kwenye sufuria. Zaina alikuwa akikimbia kidogo anashika magoti, usiku anakoroma kama paka, nami namfukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi, asubuhi anaenda shule. Nilijiona daktari bingwa.

Tabibu akakataa kusaini. Akaandika karatasi twende hospitali ya misheni, kule wana mashine ya kupima nguvu ya mapafu. Zilikuwa zimebaki wiki mbili za kuripoti, na fomu ilisema wazi kwamba asiyeripoti kwa wakati nafasi yake anapewa mwingine.

Nikamwambia Zaina asiwe na wasiwasi. Zaina akaniambia, "Mimi sina wasiwasi Kaka, wewe ndiye unatafuna kona ya fomu."

Kesho yake tukadamka. Kufika hospitali tukakuta wauguzi wanaimba nyimbo za asubuhi kabla ya kazi. Sisi ni Waislamu, ila benchi la wagonjwa halina dhehebu, tukakaa tukaimbiwa. Kwa kweli walikuwa na pumzi. Nikawaza, hawa hata wasipimwe.

Mtaalamu wa mashine ni mzee wa makamo anayekaribia kustaafu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jina lake si langu kuliweka hapa. Nitamwita Mzee Pumzi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye baba?"

"Kaka."

"Mama yuko wapi?"

"Ni mimi pia."

Akaniangalia juu ya miwani, hakuuliza tena. Akampima Zaina urefu na uzito, akauliza umri. Nikasema kumi na nne, tena haraka, kama mtu aliyekariri. Akaandika.

Mashine yenyewe ni ndogo, inafanana na simu nene yenye bomba. Unabanwa pua kwa kibanio, unaweka mdomo kwenye kidomo cha karatasi, unavuta hewa yote ya wilaya, halafu unaitoa kwa nguvu na haraka, na unaendelea kusukuma mpaka uone nyota.

Zaina akavuta. Akapuliza fuuu, kama anapoza uji.

"Binti, kwa nguvu."

Fuuu.

Mara ya tatu mzee akavua miwani. "Mjukuu wangu, umeambiwa mimi ni mshumaa?"

Zaina akaangalia chini. Nikagundua kosa ni la malezi yangu. Kwetu mtoto hampulizii mtu mzima pumzi usoni, ni dharau, na hilo nilimfundisha mimi mwenyewe kwa ukali. Sasa mzee wa watu amekaa mbele yake, sentimita chache, mtoto atampulizia vipi?

"Anakuheshimu," nikasema.

"Aniheshimu kesho. Leo anipulizie kama vile nimemwibia kuku."

Haikusaidia. Ikabidi mzee aniambie mimi nioneshe mfano, mtoto aone kwamba hata kaka anafanya.

Hapa wakuu nilijiandaa kabisa. Mimi nabeba bomba la lita kumi na sita napanda nalo matuta tangu asubuhi. Nikabanwa pua. Nikavuta. Nikapuliza mpaka masikio yakaziba.

Mzee akasoma kioo. Akanisogezea na mimi nisome.

Ile mashine ina mahali inakwambia mapafu yako yanalingana na ya mtu wa umri gani. Mimi nina miaka ishirini na minne. Mapafu yangu yana hamsini na moja.

Nikasema, "Imeharibika."

"Unavuta sigara?"

"Sijawahi."

"Kazi?"

"Napiga dawa mashambani."

"Unavaa barakoa?"

"Navaa kofia."

Zaina akacheka mpaka kibanio kikaruka. Na nafikiri kule kucheka ndiko kulikomfungua, maana aliporudia alipuliza hadi karatasi za mezani zikahama. Mara tatu mfululizo. Mzee akapiga kofi la furaha. "Huyo sasa! Hiyo ndiyo pumzi yake yote."

Halafu akasoma kioo, na furaha ikamwisha.

Mashine inaonesha rangi. Kijani ni salama, njano ni angalizo, nyekundu ni tatizo. Ya Zaina ilikuwa nyekundu.

Tukapelekwa kwa daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini ambaye hapotezi neno. Mzee Pumzi akaja na karatasi yake, akasimama pembeni. Daktari akasoma, akaweka kalamu chini. Mkuu, daktari akiweka kalamu chini ujue.

"Kwa kipimo hiki siwezi kumruhusu bweni. Mapafu yake ni madogo sana kwa msichana wa umri huu. Inabidi aende hospitali ya rufaa, wachunguze kama kuna kitu cha zamani, kifua kikuu, au kama hayakukua vizuri tangu mwanzo. Ni miezi. Shule isubiri."

"Shule haisubiri dokta."

"Basi ataenda ya kutwa hapa kijijini."

Zaina hakulia. Alikunja ile fomu taratibu, akaiweka chini ya paja lake kana kwamba kuna mtu anataka kuinyakua.

Mzee Pumzi akakuna kichwa. "Dokta, mimi kitu kimoja kinanisumbua. Mtoto kapuliza vizuri sana, mchoro safi. Na huu ufupi wake... Kijana, huyu alizaliwa kabla ya wakati?"

"Hapana."

"Aliugua sana utotoni?"

"Hapana."

"Sasa mbona mwili wote umechelewa?"

Wakuu, jasho lilinitoka Lushoto, kwenye baridi ambayo nilikuwa nimeivalia sweta la mtumba.

Niwape siri sasa.

Mama alipofariki Zaina alikuwa na miaka minne na nusu. Mimi nikitoka kwenda kupiga dawa siwezi kwenda naye, ile dawa si ya kumvutisha mtoto. (Kujivutisha mwenyewe niliona sawa, akili za miaka kumi na saba hizo.) Yule wa katikati yuko shule. Majirani walimchukua siku mbili tatu, lakini nao wana mashamba yao. Siku moja nilimfungia ndani na kopo la uji. Niliporudi nikamkuta kalala mlangoni, kucha zina vumbi la mbao.

Nikasema haitarudia. Kuna sehemu moja tu kijijini yenye watu wazima wanaoangalia watoto mchana kutwa, na wanalipwa na serikali. Darasa la kwanza.

Nikampeleka. Nikasema ana miaka sita na nusu.

Mwalimu alimwangalia. "Mbona kadogo?"

"Sisi ukoo wetu wafupi," nikasema, mimi ambaye nilikuwa nimeinama ili kichwa kisigonge mlango wake.

Mwalimu yule alikuwa wa kizamani, akataka kipimo cha mkono. Mnakijua. Mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili ameiva kuanza shule. Nilikijua na mimi, kwa hiyo nilikuwa nimemfundisha wiki nzima kuinamisha kichwa kidogo na kunyoosha vidole. Akagusa. Kwa kucha, lakini akagusa.

Baadaye shule ikataka cheti cha kuzaliwa, nikaenda kukata chenye umri uleule wa uongo. Nikamtungia na stori nzima: siku ya kuzaliwa, mwaka, kila kitu. Uongo ukawa wa nyumbani. Mpaka mimi mwenyewe nikaacha kuuona.

Kwa hiyo waliokuwa ndani ya chumba cha daktari siku ile walikuwa wanne, na mtu mmoja tu ndiye aliyejua Zaina ana miaka kumi na mbili. Hata Zaina mwenyewe hakujua.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikinyamaza, mtoto anakosa shule kwa ugonjwa ambao pengine hana. Nikisema, cheti ni cha kughushi, labda nafasi inafutwa, labda mimi nalala kituoni. Na juu ya yote, inabidi niseme mbele yake.

Nilifikiria kumwomba atoke nje kidogo. Nikamwangalia alivyoikalia ile fomu, nikaona hapana, huyu ndiye mwenye haki ya kusikia wa kwanza.

"Dokta," nikasema. "Hana kumi na nne."

"Ana ngapi?"

"Kumi na mbili. Nilimwongezea mimi."

Nje kuna mtu anaburuta ndoo.

Nikaeleza yote. Uji, mlango, mkono juu ya kichwa. Nilikuwa naongea na meza.

Nilipomaliza, wa kwanza kusema alikuwa Zaina.

"Kwa hiyo mimi si mfupi?"

Akanigeukia.

"Kaka. Mimi si mfupi?"

"Si mfupi. Ni mdogo."

"Na wale walionizidi mbio zote?"

"Walikuwa wakubwa kwako."

"Na kule kuwa wa nne darasani?"

"Ulikuwa wa nne kwa watu waliokuzidi miaka miwili."

Akawaza. Nikategemea labda atafurahi. Akasema, "Darasa la tatu walinipa jina la Kisoda. Nilirudi nikakuuliza kwa nini sikui. Ukaniambia nile mboga."

Wakuu, nimewahi kumwagikiwa dawa ya kabichi machoni. Haikuuma vile.

Mzee Pumzi akaniokoa kwa kunigombeza. "Kijana, hii mashine haina macho. Inachukua jinsia, urefu na umri, inamlinganisha na wenzake. Wewe umemlinganisha na wasichana wenye miaka kumi na minne, halafu tunashangaa ana kifua kidogo. Ningempeleka mtoto wa watu rufaa akatafutiwe ugonjwa wa tarehe!"

Akabadilisha umri. Mashine ikafikiri. Nyekundu ikawa njano.

Sikuwahi kufurahia rangi ya njano namna ile. Lakini daktari akasema subiri, njano si kijani, na filimbi bado ipo. Akaagiza apewe dawa ya kuvuta. Mzee akachukua chupa tupu ya maji, imetobolewa nyuma, akachomeka kopo la dawa, Zaina akavuta kupitia mdomo wa chupa. Nikawaza mimi nimetumia misitu mizima ya mkaratusi, kumbe kulikuwa na kichupa.

Tukasubiri kama robo saa, kisha akapuliza tena. Safari hii hakumwonea mzee haya hata kidogo. Nadhani alikuwa ananipulizia mimi.

Kijani.

"Ana pumu," daktari akasema. "Na ni nzuri kwa maana moja: inaitikia dawa. Akiwa na dawa yake, akijua kuitumia, na matroni akijulishwa, anaweza kwenda bweni, anaweza kukimbia. Kijana, jiko lenu lina dirisha?"

"Lina tundu."

"La paka?"

"Dogo zaidi."

"Toboa. Na wewe vaa barakoa. Mwaka ujao nitakupima tena, nisikute una miaka sitini."

Kuhusu umri hakunibembeleza. Akaandika kwenye faili kumi na mbili, akaniamuru niandike maelezo kwa mkono wangu na kusaini. Akasema fomu ya shule atasaini afya tu. Pale kwenye umri aliandika kwamba mlezi atawasilisha marekebisho. "La cheti ulilianza mwenyewe, ukalimalize mwenyewe."

Njia nzima ya kurudi Zaina hakunisemesha. Siku tatu nilikuwa naishi na "ndiyo Kaka" na "sawa Kaka". Nilitoboa dirisha la jiko, nikakata na paa kidogo moshi upite, hakuja hata kuangalia. Siku ya nne alinikuta nasugua masufuria, akaniuliza, "Nilizaliwa lini, ya kweli?"

Nikamtolea kadi ya kliniki ya mama. Ipo tarehe, upo uzito, na mistari ya kalamu ikipanda mwezi hadi mwezi. Akaisoma mara nyingi, akaondoka nayo. Mpaka leo sijarudishiwa.

Siku ya kuripoti nilimpeleka mwenyewe. Matroni, mama mnene mwenye daftari kubwa, anapokea watoto mmoja mmoja. Mimi usiku mzima nilikuwa nimepanga maneno: nitamwomba pembeni, nitaanza na habari ya wazazi, nitalainisha, cheti nitakitaja mwishoni.

"Jina?"

"Zaina."

"Miaka?"

Zaina akageuka akanitazama. Halafu akamgeukia matroni.

"Kumi na mbili."

Matroni akapekua. "Hapa cheti kinasema kumi na nne."

"Hiyo ya kwenye cheti ni ya Kaka," Zaina akasema. "Ya kwangu ni kumi na mbili." Akatoa kadi ya kliniki kwenye sketi akaiweka juu ya daftari.

Maneno yangu yote niliyopanga hayakuhitajika tena. Nikaitwa ofisini kwa mkuu wa shule, nikakaa kwenye kiti cha wanafunzi watukutu, nikaeleza tena kuanzia uji. Nilichoambiwa ofisini nitakihifadhi, kilikuwa kirefu na kilinifaa. Kwa ufupi: wamempokea, nami nimepewa muda wa kuleta cheti kilichorekebishwa. Nimeshakula kiapo, nimeshajaza fomu. Kuna sehemu wanauliza sababu ya umri kuandikwa vibaya. Nimeandika: "Hakukuwa na mtu wa kumwachia." Karani alisoma, akagonga muhuri, hakunicheka.

Jumapili iliyopita alipiga kwa simu ya matroni. Ameanza kukimbia mchakamchaka. Anavuta dawa yake kwanza, wenzake wanamsubiri, kisha wanatoka. Akaniuliza kama navaa barakoa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Kaka, ukweli." Nikaenda kununua.

Nilichojifunza ni hiki. Mtoto akipiga filimbi usiku, mpeleke apimwe, usimfukize miaka saba ukidhani ni hali ya hewa. Ukiulizwa umri hospitalini, sema ule aliokuacha nao mama, maana dawa na mashine haviendi na cheti. Na kama ulimdanganya mtoto kwa nia njema, mwambie wewe, kabla hajaambiwa na kioo chenye rangi. Mimi si daktari, mniwie radhi nilipokosea vitu vya kitaalamu, waliosomea wasahihishe.

Ila kwa umri nina uhakika siko peke yangu humu. Wangapi mna umri wa cheti na umri wa mama? Tujuane. Waanze wale ambao wamebakiza miaka mitano kustaafu kwa miaka kumi sasa.